Mzee wa Miswaki Aliyekiona Kidole

Kidole kilisimama. Mimi nilikuwa nimeshika miguu, na nilikiona. Kidole cha shahada cha binti yangu Akiru kilichomoka chini ya kiganja cha nesi aliyekuwa amemkandamiza mkono, kikasimama wima. Jenereta ilikuwa inanguruma nje ya darasa. Daktari aliyevaa taa kwenye paji la uso alikiona pia, maana alisimamisha koleo hewani akauliza, "Hiki kidole ni cha nini? Anasema nini?"

Aliyeulizwa ni mzee wa miswaki. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kutafsiri, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekishika kichwa cha Akiru kwa mikono miwili. Katika mji wa Kakuma na kambi yake yote ya wakimbizi hakukuwa na mtu aliyejua maana ya kile kidole kumshinda yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekifundisha kusimama.

Akasema, "Hakuna kitu, daktari. Endelea."

Daktari akaendelea.

Nataka kumweleza huyu mzee vizuri, bila kumpaka matope na bila kumpaka mafuta. Nataka ajibu, na huwezi kumdai jibu mtu ambaye watu hawamjui. Ukoo wake siujui na alikozaliwa sikuwahi kuuliza. Jina analo, lakini alilikataa mwenyewe: ukimwita kwa jina hageuki, ukisema mzee wa miswaki anageuka na mwili wote. Basi nitamwita hivyo. Wale wengine nitawataja.

Alikuwa anauza esekon, ule mti wa mswaki tunaotafuna sisi sote, kwenye njia inayotoka mjini kwenda kambini, karibu na mahali laga ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, inapokatwa na barabara. Wauzaji wengine wanamtazama mteja usoni na kumwita. Yeye alikaa juu ya ekicholong chake, kile kigoda cha mti ambacho wazee wetu wanatembea nacho, akawapa watu mgongo. Miswaki aliipanga mchangani nyuma yake. Unachagua, unaweka hela kwenye kopo, unaondoka. Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini anafukuza watu hivyo.

"Sifukuzi," akasema bila kugeuka. "Mtu anayenunua mswaki ana kitu mdomoni anakionea haya. Unataka nimwangalie?"

Alivaa koti jeupe la daktari, jeupe zamani. Halikuwa na kifungo hata kimoja. Alikuwa ameving'oa vyote kwa sababu vilikuwa vinagonga kigoda, ti ti ti, na sauti hiyo inasumbua watu wengine. Mimi nilifikiri ni wazimu wa uzee. Baadaye nilijua ni watu gani, maana mmoja wao nilikuwa nimemzaa.

Koti lilitoka Lodwar. Kule alikuwa mfagiaji katika chumba cha meno miaka mingi, mpaka walipomwachisha kazi. Watu wa Kakuma aliwaambia kwamba alikuwa daktari msaidizi. Huo ni uongo, na aliusema kila wiki, akiuongeza kidogo. Mara alikuwa anashika taa, mara anachoma sindano, mara kuna siku daktari aliugua na yeye akang'oa meno ya mkuu wa wilaya. Lakini kufagia chumba kimoja miaka yote hiyo ni shule kuliko darasa langu la nne. Alikuwa ameona watu wakiingia, na alijua kitu ambacho madaktari hawakukijua, kwa sababu wao walikuwa wanaangalia jino na yeye alikuwa anaangalia miguu. "Mtu anakataa na vidole vya mguu kwanza," aliniambia. "Mdomo unakataa mwisho. Ukingoja mdomo ukatae, umechelewa."

Meno yake mwenyewe yalikuwa aibu. Mawili ya chini mbele yalitolewa utotoni kama ya Waturkana wengi wa umri wetu, hiyo si hesabu. Lakini ya juu yalikuwa meusi kwa tumbako, na gego moja lilimtesa mvua na kiangazi. Ukimwambia aende akatolewe, anatema mate upande wa kushoto, kila mara kushoto, na kusema atakwenda wiki ijayo. Alikuwa anaogopa kile kiti kuliko nyoka. Hakuficha. Hilo nililipenda kwake, na sasa sijui kama nilikuwa na haki ya kulipenda.

Akiru ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alibaki Lokori, kwenye mchanga wa huko, asubuhi ile wezi walipokuja na bunduki kuchukua mifugo. Mimi nilitoka na mtoto mgongoni, nikafika Lodwar, halafu Kakuma, nikaanza kuchoma mkaa. Watu wengi walisema zile risasi ndizo zilimharibu. Si kweli. Hata kabla ya hapo alikuwa hivyo. Akiru anasikia zaidi ya sisi. Mvua kwenye mabati kwake ni mawe. Shanga alizikataa, msichana wa Kiturkana shingo tupu, na wanawake walinisema mpaka wakachoka. Zinakwaruzana, yeye alisema, zinaongea zote pamoja. Ukimgusa bila kumwambia, ni kama umemwagia maji ya moto. Dawa ya meno ya kwenye tyubu ilimchoma ulimi kama pilipili. Mswaki wa plastiki, zile nywele zake, alitapika. Kwa hiyo meno yake hayakusafishwa, na mimi nilinyamaza, kwa sababu kila siku ina vita vyake na mtu anachagua.

Hata yale meno mawili ya chini sikumtoa. Shangazi zake walikuja na kile chuma, nikasimama mlangoni, nikawaambia warudi. Kumbuka hilo, maana litarudi.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili alikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa tunapita njia ile na gunia la mkaa, mimi naongea na mnunuzi, nikigeuka Akiru amekaa chini. Akiru hakai karibu na mtu. Lakini alikuwa amekaa mchangani hatua tatu nyuma ya mzee, naye amempa mgongo mzee. Migongo miwili. Mzee akarusha kijiti kimoja nyuma bila kuangalia, kikaanguka kati yao. Akiru akakitazama muda mrefu. Akakiokota, akakinusa, akakiweka mdomoni.

"Kesho mlete," mzee akaniambia. "Usimwambie ni meno. Mwambie ni kukaa."

Nikamwuliza atanitoza nini. Akasema mkaa, kopo moja kwa wiki, na asipewe wa vumbi. Mchoyo yule hakuwahi kumpa mtu kijiti cha bure, hata mwanawe. Kile alichomrushia Akiru siku hiyo alikuja kunidai baada ya miezi, akicheka, lakini alikidai.

Kazi yake ilikuwa hivi. Esekon mbichi ni chungu na kali, basi aliiloweka kwenye kibuyu mpaka ukali utoke. Alikata urefu wa aina tatu akaziweka mchangani, mgonjwa achague. Mgonjwa ni neno langu, yeye alisema mwenye mdomo. "Mdomo una mwenyewe," alirudia hilo kila siku mpaka nikawa nalisema nikilala. Mwenye mdomo anatafuna mwenyewe, kwa mkono wake. Mzee hakugusa kitu wiki nyingi. Alikuwa anasema tu, mgongo umegeuka, "Sasa nyuma. Sasa ndani. Leo tumemaliza." Alisema leo tumemaliza hata kabla maji ya chai hayajachemka. Mimi nilikasirika.

"Mzee, tumetembea jua lote hili kwa dakika mbili?"

"Jana ilikuwa moja."

Miguu ya Akiru aliifukia. Alichimba kwenye laga, pale chini mchanga unakobaki na unyevu, akamwambia aingize miguu, halafu akajaza mchanga mzito mpaka magotini. Sijui alijuaje. Akiru, ambaye hawezi kushikwa, alipenda kushikwa na mchanga. Mabega yake yalishuka. Nilikuwa sijawahi kuona mabega ya mtoto wangu yakiwa chini akiwa macho.

Halafu kioo. Mzee alikuwa na kile kioo kidogo cha mpini cha daktari, sema aliiba, mimi sikuuliza. Chuma cha Kakuma saa sita kinaunguza, asubuhi kinauma kwa baridi. Alikiweka kwapani mpaka kiwe na joto la mtu, akakipangusa, akampa Akiru. Hakumwambia afungue mdomo. Alifungua wa kwake.

"Angalia. Niambie kuna nini."

Akiru akaangalia ndani ya lile shimo la tumbako, kwa makini, kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kisha akasema, na Akiru ni mtu wa maneno matatu kwa siku, "Hakuna kitu. Kumebomoka."

Mzee alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Siku hiyo Akiru alijiangalia na yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Siku ya pili alimwacha mzee aangalie.

Na kidole. Hicho ndicho kilikuwa mlango wa kila kitu. Mzee alimwambia, "Kidole chako kikisimama, mimi nasimama. Sitauliza kwa nini. Sitasema bado kidogo. Nasimama." Akiru hakumwamini, na nani angemwamini? Basi alimjaribu. Siku nzima alisimamisha kidole kila mzee alipoanza. Mara hamsini, nakuambia. Mzee anaanza, kidole, mzee anaacha, anatema mate kushoto, anangoja. Anaanza, kidole, anaacha. Mimi ningemchapa. Yeye alikuwa anaacha kwa namna ileile mara ya kwanza na mara ya hamsini. Jua lilipoanza kulala Akiru alimwekea mkono wake chini, kiganja juu, na kidole hakikusimama tena mpaka kulipokuwa na sababu.

Mtu huyohuyo, nataka mjue, alikuwa anampiga punda wake kwa fimbo usoni. Mke wake mdogo alikimbilia kwao Nakalale kwa sababu mzee hakuweza kungoja chakula kiive. Nilimwona akimtukana mtoto wa binti yake aliyechelewa kuleta maji, matusi ambayo siwezi kuandika. Uvumilivu wake wote aliumalizia kwa watu wasioguswa, wengine wakabaki na masazo. Nikamwuliza siku moja. Akanijibu, "Hawa wengine wanaweza kunikimbia. Akiru hawezi." Nililipenda jibu hilo. Nililibeba nyumbani kama kitu cha kupewa.

Gego moja la Akiru upande wa kulia lilikuwa na shimo. Mzee aliliona mapema, na hapo nitampa haki yake: hakudanganya kwamba ataliponya. Alilisafisha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akaweka karafuu iliyopondwa kwenye kijipamba, lakini alisema, "Hii ni kumbembeleza. Itabidi itoke, na itolewe na mwenye sindano. Si mimi." Ndipo akaanza kumfundisha kiti. Ndani ya kambi kulikuwa na kinyozi Mkongomani mwenye kiti cha kulala, kile cha kuzunguka. Tukawa tunaenda mchana, wakati hakuna wateja.

"Mzee, weye unakuja kila siku na kiti yangu hunyoi hata ndevu," kinyozi akalalamika.

"Ndevu zangu zina kazi."

"Kazi gani?"

"Kuficha meno. Zima hiyo redio."

Kinyozi alizima. Akiru alikaa. Siku ya kwanza alikaa kwenye ukingo, miguu chini. Wiki ya tatu alilala chali, gunia dogo la mchanga juu ya mapaja mahali pa laga, kofia ya mzee juu ya macho kuzuia mwanga, mdomo wazi. Mzee akahesabu taratibu mpaka thelathini. Leo tumemaliza. Kinyozi akapiga makofi bila sauti, viganja havikutani, kwa sababu alikuwa ameshajifunza.

Halafu mzee akapanda lori kwenda Lodwar. Alikwenda mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Kule alimkuta daktari wa meno wa zamani, yule aliyekuwa anamfagilia chumba, akapanga naye. Aliporudi alikuwa mweupe kwa vumbi na mwenye furaha kama bwana harusi. Amekubali, akasema. Alfajiri, kabla jenereta haijawashwa na watu hawajaja. Hakuna taa kubwa, dirisha tu. Hakuna glavu zenye unga, zinaoshwa kwanza. Kidole kitaheshimiwa. Kikisimama mara mia, tutarudi kesho yake. Ilikuwa baada ya uchaguzi, mwaka wa kumi na tatu, na tulipewa wiki tano za kungoja.

Wiki ya tatu magari meupe yakaja. Ilikuwa kambi ya meno ya siku moja, bure, katika shule ya msingi. Jina la shirika lilikuwa kwa Kiingereza mgongoni mwa fulana. Mratibu wao aliitwa Bwana Sande, mtu wa karatasi, hakuachia ubao wake wa kubania karatasi hata akila. Naibu chifu wetu, Lotiir, alipita nyumba kwa nyumba. Akiru alikuwa amevimba shavu kidogo siku hizo, na Lotiir aliliona.

"Mama Akiru, huyu aende kesho."

"Ana siku yake Lodwar."

"Lodwar ya nini? Wageni wametoka mbali, wewe unakataa? Mtoto akikufia na lile shavu usije ofisini kwangu kulia."

Nikaogopa. Usiku huo mtoto alikuwa anapiga kichwa ukutani kwa maumivu, pole pole, tup, tup. Wiki mbili ni nyingi ukizisikia hivyo. Asubuhi nikaenda nikiwa nimesema moyoni: nikimkuta mzee pale, atanishauri.

Nilimkuta. Alikuwa amevaa fulana yao juu, koti chini, na kofia ya njano. Walimchukua kutafsiri kwa sababu naibu chifu aliwaambia aliwahi kuwa daktari msaidizi. Ule uongo wa kila wiki hatimaye ulikuwa umempatia kazi. Wazungu wawili walikuwa wanampa mkono. Mtu anampita anamsalimu, "Daktari, ejok," na yeye anaitika. Sijawahi kumwona amesimama wima namna ile. Nikamvuta kando.

"Mzee, tumfanyeje?"

Alitazama foleni. Ilikuwa imezunguka shule. Alimtazama Bwana Sande na ubao wake. Akamtazama Akiru, amejifunika shuka kichwani kwa sababu ya jenereta. Nilidhani atasema Lodwar. Nilikuwa nimeshageuza mguu kurudi nyumbani.

"Leo ni leo," akasema. "Nitakuwa pale. Nitashika kichwa mimi mwenyewe."

Ndiyo maana Akiru aliingia. Si kwa sababu yangu, si kwa sababu ya naibu chifu. Aliona koti chini ya fulana akaingia mwenyewe kwa miguu yake, akalala kwenye kile kiti cha kukunja, akaweka mkono chini, kiganja juu, kama kwa kinyozi. Hakukuwa na gunia la mchanga. Hakukuwa na kofia ya macho, ile ya njano mzee alikuwa ameivaa. Daktari Nyaga, kijana, si mtu mbaya, amechoka, hakungoja. Spiriti, glavu, taa. Sindano ikaingia. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa ganzi mdomo utapotea. Akiru alipogusa kwa ulimi na kukuta nusu ya uso wake haipo, alianza kupigana. Nesi Jacinta akasema mshikeni. Wakamshika mikono. Bwana Sande alisimama mlangoni akasema, "Jameni, foleni." Nikaambiwa miguu. Nikashika miguu.

Mengine nimeshayasema. Kidole, swali, jibu. Gego lilivunjika kwa sababu kichwa kilitikisika. Juu ikatoka, mizizi ikabaki. Daktari alisema itatoka yenyewe au twende hospitali. Mzee akaachia kichwa, akasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea nafikiri, "Leo tumemaliza." Kwenye karatasi za Bwana Sande waliweka alama ya vema mbele ya jina la binti yangu.

Tangu siku hiyo Akiru hajafungua mdomo mbele ya mtu. Hata yale maneno matatu kwa siku hayapo. Anakula uji akiwa amegeukia ukuta, nimetoka nje, na nikirudi kikombe kimeisha au hakijaisha. Kila baada ya muda shavu linavimba, linakaa siku nne, linapasukia ndani, harufu inajaza nyumba, linanywea, tunaanza tena. Tulifika Lodwar ile alfajiri yetu, siku ileile iliyopangwa. Dirisha lilikuwa wazi. Daktari wa zamani alikuwa ameosha glavu. Alikaa sakafuni akangoja mpaka watu wakajaa nje. Kidole cha Akiru kilikuwa kimesimama tangu mlangoni na hakikushuka. Daktari yule alikiheshimu, kama alivyoahidi, na kwa kukiheshimu hakuna kilichofanyika. Alisema sasa ni Eldoret, wamlaze usingizi kabisa. Lakini usingizi wenyewe unapitia usoni, kwa kifuniko cha kuvutia dawa, na uso haugusiki.

Shangazi zake walikuja kuangalia. Mmoja akasema, "Ungeacha tumtoe yale mawili ya chini, ungekuwa na pa kupitishia uji mdomo ukijifunga hivi." Mengine kama hayo wakasema. Nilisimama mlangoni palepale niliposimama siku nilipowafukuza.

Na mzee? Siku ya pili baada ya kambi ya meno njia ilikuwa tupu. Alama ya miguu mitatu ya kigoda ilibaki mchangani, upepo ukaifuta. Nilimngoja. Nilikuwa bado nafikiri atakuja na kibuyu chake, atampa Akiru mgongo, tutaanza tena kutoka kijiti cha kwanza. Ningempa mkaa wa gunia zima. Sikuwa na hasira bado, nilikuwa na haja naye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: mtu pekee aliyejua njia ya kurudi kwenye mdomo wa mtoto wangu ndiye aliyeifunga.

Nilimpata mwisho wa mwaka huo, Lodwar, kwenye kivuli cha duka upande wa daraja la Turkwel. Nilikuwa nimefuata dawa ya maumivu. Nilisikia kabla sijaona: ti, ti, ti. Koti lilikuwa na vifungo. Vikubwa, kila kimoja na rangi yake, vinagonga kigoda akipumua. Na alikuwa amekaa anawatazama wateja usoni, anawaita kama muuzaji mwingine yeyote.

"Ejok," nikasema.

"Ejok noi." Kisha akanitambua. Akatoa kijiti mdomoni. "Mama Akiru."

"Ndiyo mimi."

"Mtoto?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, shavu, ukuta, uji, alfajiri. Alisikiliza akiangalia miguu yangu. Hakutema mate. Nilipomaliza nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu siku ile. Nilimwuliza taratibu, kwa heshima, kama unavyomwuliza mtu mzima.

"Mzee, uliulizwa kidole ni cha nini. Ulijua. Kwa nini ulisema hakuna kitu?"

Mdomo wake ukafunguka, nikaona lile bomoko. Ukajifunga. Halafu mkono wake wa kulia ukainuka kutoka gotini, na kidole cha shahada kikasimama.

Nikanyamaza.

Mnaona ujinga wangu? Nilinyamaza. Yeye mwenyewe alinifundisha, siku ile ya mara hamsini, kwamba kidole kikisimama mtu hasemi bado kidogo. Nikakaa chini kwenye mavumbi nikangoja. Mteja akaja, akakuta mzee amesimamisha kidole na mwanamke amekaa chini, akaondoka. Kivuli kikatuhama. Mkono wake ulipochoka akaushikilia kwa mkono wa pili, kidole kikabaki juu. Lori la Kakuma likapiga honi. Mtoto alikuwa peke yake nyumbani. Nikaenda, na nilipoangalia nyuma kutoka juu ya lori kidole kilikuwa bado kimesimama.

Kwa hiyo naandika, na mwandiko wangu mnauona ulivyo.

Naibu chifu Lotiir, ulinitisha na kifo cha mtoto wangu, halafu kifo kilipokuja kukaa shavuni kwake hukupita tena nyumba yangu. Jibu. Bwana Sande, ile alama ya vema uliiweka mbele ya nini? Mizizi iko mle ndani. Njoo uifute kwa mkono wako, au uje na gari lile jeupe umpeleke Eldoret polepole, bila jenereta. Daktari Nyaga, wewe uliuliza, na ninakushukuru kwa kuuliza. Lakini kidole kilikuwa chake, si cha mzee. Ungemwuliza mwenyewe. Nesi Jacinta, ulikisikia chini ya kiganja chako kikisukuma kutoka. Mimi niliyeshika miguu, najibu kila siku kwa kutoka nje ya nyumba yangu ili mtoto anywe uji.

Na wewe mzee wa miswaki. Kidole chako nilikiheshimu. Nimekiheshimu kutoka Lodwar mpaka hapa, na sasa nimengoja muda mrefu kuliko ulivyowahi kumngoja mtu yeyote. Ng'oa vile vifungo. Njoo Kakuma, ukae mchangani, umpe mgongo kama zamani, useme asikie: nilikiona. Halafu useme kwa nini.

Kishushe, mzee. Jibu.